Jembe Moja katika Nchi ya Milizamu

Msafiri hana shahidi. Anayemsikiliza humpima kwa uso, na uso wangu wewe msomaji huuoni. Kwa hiyo nitaeleza niliyoyaona Milizamu kwa mfuatano wake, na sitaongeza chumvi, maana yalinifikia yakiwa yamekolea tayari. Naitwa Mwajabu, mpima ardhi mstaafu kutoka Korogwe. Maisha yangu yote nimetazama miteremko na kuuliza maji yatakwenda wapi. Huko Milizamu swali hilo ni utovu wa adabu.

Milizamu ni nchi ya mlima mmoja. Tangu kileleni mpaka bondeni pamejaa mabwawa, kila ukoo na lake, na mifereji ya kuyaunganisha imechongwa kwenye mawe kwa ufundi ambao sijauona kwingine. Zamani kila ukoo ulikunywa chemchemi yake. Baadaye ikatungwa sheria kwamba chemchemi za kileleni zielekezwe zote kwenye bwawa moja, Bwawa Mama, na za chini zizibwe kwa mawe na chokaa, kwa kuwa mtoto hanyonyeshwi na mama wawili. Tangu hapo maji yote ya nchi hutoka Bwawa Mama, hupita mabwawa makubwa ya begani mwa mlima, yakashuka kwa ngazi mpaka Bondeni wanakoishi watu wengi.

Kuchimba mfereji kutoka kwa jirani kwenda kwa jirani ni kosa. Unaitwa mfereji wa wizi, hata kama jirani mwenyewe ndiye aliyekukaribisha. Kosa jingine ni kuwa na bwawa pungufu. Maji lazima yaguse mdomo wa ukingo wakati wote, na askari wa Wizara ya Ujazo hupita na fimbo kukagua. Nilipouliza kwa nini wasiache nafasi kidogo kwa ajili ya mvua kubwa, askari mmoja alinijibu, "Mama, nafasi tupu ni dalili ya uvivu."

Na kwenye kila njia panda pamesimikwa kibao kinachomweleza mpita njia Bwawa Mama liko wapi, lina mifereji mingapi, na ukingo wake ni mwembamba upande gani. Nilisimama mbele ya kibao cha kwanza nikakisoma mara mbili, nikidhani macho yananidanganya. Wenyewe wanakionea fahari.

Nilipelekwa kumsalimu Mheshimiwa Lugome, Waziri wa Bahati Mbaya, mtu mpole mwenye ndevu zilizochanwa vizuri. Alinieleza kazi ya wizara yake bila majivuno. Kila mwaka katika Sikukuu ya Kura, jina la bwawa moja hutolewa mtunguni bila kuchagua. Bwawa hilo huzibwa mfereji, likakauka, kisha wataalamu hupita nchi nzima kuona kama kuna aliyepungukiwa.

"Na hupungukiwa?" niliuliza.

"Haijapata kutokea. Tangu enzi za babu zangu tunapiga kura, na nchi haijayumba hata siku moja. Tumeshapigwa na ukame, tetemeko, kingo kubomoka zenyewe. Linaanguka bwawa hili, linaanguka lile, nchi imesimama. Sisi hatuvunjiki, mama."

"Na kama litakaloanguka ni Bwawa Mama?"

Alitabasamu. "Mabwawa yetu hayahesabiki, Bwawa Mama ni moja. Kura kuliangukia hilo ni sawa na tone la mvua kuutafuta unywele mmoja kichwani mwako."

"Sizungumzii kura, Mheshimiwa. Nazungumzia mtu. Mtu mwenye hasira hapigi kura, anachagua."

Karani aliyekuwa akiandika mazungumzo yetu aliinua kalamu. Waziri akanitazama kwa huruma, kama mtu anavyomtazama mgeni aliyekosea mlango.

"Sheria yetu haina mtu wa namna hiyo," alisema. "Madhara huletwa na bahati. Mtu anayetaka maji yamwagike hayumo katika sheria, kwa hiyo hayumo nchini."

Nilicheka, nikidhani ananitania. Nilicheka peke yangu.

Nilipangiwa kulala kwa Nasemba, mwangalizi wa bwawa liitwalo Kiganja. Alikuwa mjane wa makamo, mwenye mabuti ya mpira na khanga iliyokazwa kiunoni, mwanamke asiyepoteza maneno. Kiganja ndilo bwawa la mwisho la begani. Ziada ya mabwawa yaliyo juu yake hukutana hapo kabla ya kushuka Bondeni. Ubavuni mwake, upande wa kushoto, kuna korongo la mawe matupu lisilokaliwa na mtu. Kati ya bwawa na korongo palikuwa na nyumba ya Nasemba, shamba lake la migomba, na kaburi la mumewe lililopakwa chokaa.

Binti yake, Tabuya, aliolewa Bondeni. Alikuwa amejifungua karibuni, na arobaini yake ilikuwa bado haijaisha. Kila jioni Nasemba alisimama ukingoni akitafuta kwa macho moshi wa jiko la mwanawe. Akiuona, ndipo aliingia ndani kula.

Hapo ndipo nilipokutana na Mrekwa. Alikuja na ndoo mbili kuchota maji, jambo lililokatazwa, na Nasemba akajifanya hamwoni. Alikuwa mwembamba, mikono mikubwa ya mkulima, na alinisalimu kwa heshima.

"Mwaka jana kura iliniangukia mimi," alinieleza, ndoo zikijaa. "Walikuja wakaziba mfereji wangu. Wakasubiri. Jirani zangu wote maji yao yakabaki vilevile. Wakapiga vigelegele. Na mimi, kwa sheria, nikatangulia kucheza ngoma."

"Ukacheza?"

"Nifanyeje, dada? Nikacheza. Mke wangu alikuwa anapiga makofi huku analia. Migomba ikakauka, halafu miparachichi, halafu ng'ombe nikawatoa. Mwisho mke wangu akarudi kwao. Alisema hawezi kuzeekea kwenye vumbi." Akazinyanyua ndoo, akazitua tena. "Unajua kilichoniuma? Walifurahi kwa sababu hakukuwa na mtu aliyenitegemea. Hiyo ndiyo iliyokuwa furaha yao. Nikakaa nikajiuliza, basi ni nani anayetegemewa na wote?"

"Mrekwa," Nasemba alimkatiza, "chukua maji uende zako. Mgeni hakuja kusikia hayo."

Akaenda. Nasemba alimsindikiza kwa macho mpaka alipopotea njiani.

"Hizo ni hasira tu," akaniambia. "Alikuwa mcheshi sana huyu."

Siku ya Sikukuu ya Kura mlima mzima ulipanda kwenye uwanja, ulio kwenye kilima kinachotazamana na mabwawa ya begani. Walibaki majumbani wagonjwa, vikongwe, na waliojifungua karibuni kama Tabuya. Palikuwa na ngoma, kashata, na watoto waliopakwa poda nyuso nzima. Waziri Lugome akatia mkono mtunguni, akatoa kigae, akasoma. Kura ilikuwa imeangukia bwawa la dada wawili wazee ambao hawakuwahi kuolewa, wakaao upande wa magharibi.

Walisimama wakiwa wameshikana mikono. Mkubwa wao akauliza kama wanaweza kumalizia mbogamboga zilizo shambani. Waziri akamwambia kwa upole kwamba haiwezekani. Basi wakaingia katikati ya uwanja wakaanza kucheza, magoti yakiwakatalia, na umati ukapiga vigelegele. Nimeona mazishi mengi maishani mwangu. Sijawahi kuona watu wakiliwa huku wakishangiliwa na wanaofuata kuliwa.

Ndipo tukasikia sauti kama ya gunia zito linaloburutwa sakafuni. Ngoma ikafa yenyewe.

Kule juu ukingo wa Bwawa Mama ulikuwa umefunguka, palepale vibao viliposema ni mwembamba. Mwanzoni ulikuwa mpasuko wa kupitisha mtu mmoja. Tulipokuwa bado tumekodoa macho, ukawa mlango, kisha upande mzima ukaondoka. Maji yalishuka yakiwa mekundu kwa udongo, yakaingia bwawa la Sero lililo chini yake. Sero lilikuwa limejaa pomoni kama sheria inavyotaka, halikuwa na nafasi hata ya ndoo moja. Likavimba, likapasuka, likamwaga maji yake na ya Bwawa Mama kwa pamoja kwenye mabwawa mawili yaliyofuata. Nayo yalikuwa yamejaa pomoni.

Nilielewa kabla sijamaliza kupumua. Lililoanguka lilimpa mzigo wake aliye chini, na aliye chini alikuwa hawezi kubeba hata wa kwake.

"Fungueni malango ya dharura!" nilipiga kelele kwa wakubwa waliokuwa jukwaani. "Punguzeni maji kwenye mabwawa ya chini kabla hayajafikiwa!"

Waziri wa Ujazo akanigeukia, uso umempauka. "Yapungue? Siku ya sikukuu?"

"Subirini kidogo," alisema Lugome, mikono imeinuliwa kama anayetuliza harusi. "Bahati mbaya ya mwaka huu tumeshaitangaza. Hii ni ipi tena?"

Mshauri mmoja akasema huenda ni ya mwaka ujao imewahi. Mwingine akapinga, akasema haiwezi kupokelewa kabla ya kupigiwa kura. Wakaanza kubishana, na naapa mbele ya yeyote atakayeniamini kwamba walibishana kwa hoja, kwa zamu, kila mmoja akiomba ruhusa ya kusema, huku bwawa la tatu likipasuka machoni petu.

Nasemba alikuwa ameshaondoka. Nilimwona akiteremka mbio, mabuti yakipiga mawe, nikamfuata. Nilipomfikia alikuwa ametoa sururu stoo na anatazama ukingo wa Kiganja upande wa nyumba yake.

"Wewe ni mpima," aliniambia. "Hapa au pale? Nataka yaende korongoni."

Nilitazama mteremko. Nilitamani jibu liwe jingine.

"Pale," nilisema. "Nyuma ya jiko lako. Lakini Nasemba, yatapita kwenye nyumba."

"Naiona nyumba."

"Na kaburi."

Alishusha sururu ya kwanza kabla sijamaliza. Nikachukua jembe nikaanza upande wa pili. Askari wa Ujazo aliyekuwa zamu alikuja mbio.

"Mama Nasemba! Unafanya nini? Bwawa hilo ni zima!"

"Ndiyo maana nalitoboa. Nikingoja livunjike lenyewe, litachagua Bondeni."

"Sheria hairuhusu kutoboa bwawa zima!"

"Basi nenda kaiambie sheria ije ishike jembe."

Askari akatoa filimbi, akaanza kupuliza. Alipuliza bila kupumzika, mashavu yamejaa, machozi yakimtoka, na sisi tukachimba. Sijui kama alikuwa anaita wenzake au alikuwa anaogopa tu. Ukingo ulipolainika, maji yalianza kupita kama kamba nyembamba, yakala udongo yenyewe, na Nasemba akanivuta mkono tukakimbilia kwenye mwamba wa juu. Askari alikuja nyuma yetu, filimbi ingali mdomoni.

Kiganja lilimwagikia korongoni. Lilichukua jiko, likachukua migomba, ikafuata nyumba na mabati yake. Bwawa lilikuwa limepungua nusu wakati maji ya juu yalipofika. Yaliingia kwa kishindo kilichotutikisa mwambani, yakazunguka, yakatafuta pa kutokea, yakaona njia tuliyoyachimbia. Mengi yalikwenda korongoni. Yaliyoruka ukingo na kushuka Bondeni yalifika yakiwa ya magotini. Nasemba hakutazama nyumba hata mara moja. Alitazama chini, mpaka aliposhuka mwenyewe na kumkuta Tabuya amesimama juu ya kitanda, mtoto mabegani, na kuku wawili wakielea chumbani.

Upande wa magharibi hapakuwa na wa kutoboa. Mabwawa ya huko yaliangushana mpaka la mwisho, na waliokuwa majumbani walikwenda nayo. Tulizika kwa siku mfululizo.

Nilifikiri nimeona yote. Kumbe maji yalikuwa nusu tu ya msiba. Nusu ya pili ilikuwa kiu. Mabwawa mengi yalibaki mazima kabisa, kingo hazijaguswa, lakini mifereji yao yote ilitoka mahali pamoja na mahali hapo hapakuwepo tena. Niliona bwawa ambalo halina hata ufa, na ndani yake ng'ombe wamesimama kwenye tope wakilamba mawe. Mwenye bwawa aliniambia, "Lakini letu halikuvunjika," akarudia, kana kwamba mimi ndiye niliyelikausha.

Baraza la Bahati Mbaya likakaa chini ya turubai, Lugome akiwa mwamuzi. Shauri la kwanza lilikuwa chanzo cha mpasuko wa Bwawa Mama. Kabla halijafunguliwa, Mrekwa alijipenyeza mpaka mbele. Nywele zilikuwa zimemtimka na viganja vimechubuka.

"Ni mimi," alisema. "Nilichimba tangu alfajiri, palepale kibao kinapoonyesha. Jembe langu bado liko kule kwenye matope."

Mama mmoja aliyefiwa akaanza kunyanyuka.

"Pole sana kwa msiba, ndugu yetu," alisema Lugome.

"Sina msiba. Mimi ndiye msiba! Nimeua watu!"

"Huzuni humfanya mtu ajibebeshe yasiyo yake. Mpeni maji mumpumzishe."

Hapakuwa na maji ya kumpa. Askari wawili wakamshika mikono kwa upole wakamtoa, naye akapiga kelele mpaka nje, "Ni mimi! Kwa nini hamniamini? Ni mimi!" Kisha mtaalamu wa wanyama akaitwa. Akaeleza kwamba jembe lililobaki ukingoni lingeweza kusukumwa ardhini na fuko mkubwa, hasa wakati wa joto. Baraza likaamua kwamba Bwawa Mama lilibomolewa na fuko. Nilitazama nyuso zilizonizunguka nikitafuta mmoja wa kushtuka pamoja nami. Wengi walikuwa wanatikisa kichwa kukubali, na baadhi yao walionekana wametuliwa mzigo.

Wakati wa mapumziko nilimfuata Waziri.

"Mheshimiwa, unajua kwamba mtu yule anasema kweli."

Alionekana amezeeka.

"Dada yangu mdogo alikuwa magharibi," alisema. "Hakuja kwenye sikukuu, mguu ulikuwa unamsumbua. Usidhani silii." Akafuta uso kwa leso. "Lakini unataka niwaambie nini watu hawa? Kwamba nchi nzima imeangushwa na jembe moja? Kwamba kura zote tulizopiga, mabwawa yote tuliyokausha, hayakupima kitu? Watalala vipi?"

"Labda wasilale. Labda wachimbe mifereji mingine."

"Fuko ni bora," alisema, akarudi kwenye kiti chake.

Shauri la pili lilikuwa la Nasemba. Aliulizwa kama alitoboa Kiganja kwa bahati.

"Hapana. Kwa sururu."

"Ulichagua mahali?"

"Nilichagua. Nilitaka yapite kwangu yasipite kwa watu."

Tabuya alisimama katikati ya umati, mtoto mgongoni. "Mama yangu ametuokoa! Bondeni nzima iko hai kwa sababu yake! Mheshimiwa, njoo utuhesabu!"

"Keti, mwanangu," alisema Lugome. "Hakuna anayekataa kwamba mko hai." Akageukia baraza, sauti imemkauka. Alisema bahati haichagui, na kwamba katika historia ya Milizamu huyu ndiye mtu wa kwanza kuthibitika mbele ya baraza kuwa amemwaga maji kwa kusudi. Sheria haikuwa na neno la kumwita, wakamtungia papo hapo. Mvunjaji.

Hukumu ilikuwa kutengwa. Mfereji wowote usiguse tena bwawa lake, wala wake usiguse la mtu. Nasemba aliisikiliza mpaka mwisho, akauliza kama anaweza kwenda, maana alikuwa ameacha maharage motoni kwa bintiye.

Mrekwa nilimkuta nje, ameketi juu ya jiwe. Watoto walikuwa wanamzunguka wakimwita Fuko.

"Nilitaka likauke tu," aliniambia, bila kunitazama. "Nao wakose maji wacheze, kama nilivyocheza. Niliwaza bwawa moja, dada. Sikuwaza kwamba litamwangukia jirani, na jirani amwangukie jirani." Alifumba viganja vyake vilivyochubuka. "Wale vikongwe wawili waliocheza siku ile. Waliporudi, hawakukuta hata msingi wa nyumba."

Ningependa kusema nilimhurumia au nilimchukia. Niliondoka tu.

Siku zilizofuata nilikaa Bondeni kwa Tabuya. Kiu ilikuwa inabana, na kule kileleni serikali ilikuwa imeanza kujenga upya Bwawa Mama, kubwa zaidi, palepale. Nasemba alikuwa anapanda kila asubuhi kwenye magofu ya Kiganja kutafuta kaburi la mumewe. Hakulipata. Alichokipata, chini ya tope, ni chemchemi ya kale ya ukoo wake. Mafuriko yalikuwa yameng'oa mawe na chokaa vilivyoiziba, na maji yalikuwa yanatoka, kidogo lakini safi.

Habari hazikufichika. Asubuhi moja watu wa Bondeni walipanda kwa wingi, wanaume kwa wanawake, na majembe mabegani. Mbele alikuwa Chambuso, jirani wa Tabuya, fundi seremala mwenye sauti kubwa. Mimi na Tabuya tulikuwa tumeketi na Nasemba kwenye mwamba.

"Shikamoo, mama," Chambuso alisema.

"Marahaba. Hamjui kwamba nimetengwa?"

"Tumekubaliana kuivunja hukumu, wote kwa pamoja. Watatufunga wangapi? Tutachimba mifereji yetu ije hapa. Kila nyumba. Kuanzia leo wewe ndiwe Bwawa Mama wetu."

Watu wakapiga vigelegele. Nilimwangalia Nasemba, nikategemea kumwona akilia kwa furaha. Alikuwa amekunja uso kama mtu aliyeumwa jino.

"Sitaki," alisema.

"Mama!" Tabuya alishtuka. "Wanakupa heshima hivi, unaikataa?"

"Heshima gani? Mnataka wote mniangukie mimi." Akasimama. "Juzi mmezika watu. Mmekwisha kusahau walikufa na nini? Mkileta mifereji yote hapa, atakuja mtu siku moja na jembe lake. Hatahangaika kutafuta. Atauliza tu mnakunywa wapi."

"Safari hii tutaweka ulinzi," alisema mtu nyuma.

"Na mlinzi akilala?"

"Basi tunywe nini?" Chambuso alipandisha sauti. "Watoto wanalamba umande!"

"Leo mtachota hapa kwa ndoo, kila mtu, hata Mrekwa akija. Lakini mifereji hapana. Chini ya mabwawa yenu kuna chemchemi babu zenu walizoziziba. Zizibueni. Halafu mchimbe ubavuni, wewe kwa jirani yako, naye kwa wa pili yake. Yako ikikauka akupe, yake ikikauka umpe. Mimi pia nitachimba kwa mmoja au wawili. Lakini kama wote mnakunywa kwangu, siku mimi nikikauka, atanipa nani?"

Bibi mmoja alitema mate akasema mjane huyu ana kiburi, maji ya Mungu anayabania. Wengine wakashika njia kurudi, wakisema afadhali wangoje Bwawa Mama la serikali. Waliobaki walikuwa wachache. Niliwaona wakitazamana kwa wasiwasi, maana walikuwa jirani, na jirani wa Milizamu hawakuzoea kuhitajiana. Chambuso alibaki, ingawa alikuwa amenuna.

Tulianza kwake, siku hiyohiyo. Alipovunja chokaa chini ya bwawa lake, maji yalitokeza kwa ukubwa wa kidole. Kwa Tabuya hayakutoka kabisa. Nikapima mteremko kati ya nyumba hizo mbili, na papo hapo ukazuka ugomvi. Mkewe Chambuso hakutaka mfereji upite karibu na tanuri lake. Mume wa Tabuya akakumbusha kwamba Chambuso aliwahi kumnyima ngazi ya kuezekea. Chambuso akasema ngazi ilikuwa mbovu. Jua likapanda, wakiendelea kufukua ya zamani. Nasemba hakuwaamulia. Aliinama akachimba, na jembe lake lilipokaribia tanuri, mke wa Chambuso akachukua lake ili aupindishe mfereji mbali na tanuri kwa mkono wake mwenyewe.

Hatimaye mifereji ya pande mbili ikakutana. Maji ya kwanza yalipita taratibu, yamebeba majani na vumbi la mkaa, yakakusanyika kwenye shimo dogo mlangoni kwa Tabuya, kiasi cha sufuria moja. Watu wa nyumba zote mbili walisimama wakiyatazama mpaka yakatulia na kuwa meupe.

Mke wa Chambuso akamsogezea Tabuya kata.

"Anza wewe," alisema. "Una mtoto."

"Hapana, dada. Ni yenu. Anzeni nyinyi."

"Nimesema anza."